Farasi aliyetoka mbio anauma, anarusha mateke, na ukivuta hatamu ndio anakimbia zaidi. Nifanye nini?

kijana_wa_dago
Wadau habari zenu. Naomba ushauri kabla sijauza huyu farasi ama yeye hajaniua. Niko upande wa Dagoretti, Nairobi, kazi yangu ni kupandisha watoto farasi wikendi, mambo ya bathdei, sherehe za kanisa, saa zingine hata bwana harusi anataka kuingia na farasi. Miaka minne nimefanya na jike mmoja mzee, mtulivu mpaka mtoto anaweza kusinzia huko juu. Sasa mwezi wa nne nikaongeza wa pili, maksai, yaani dume aliyehasiwa, wa miaka saba, alikuwa anakimbia mbio Ngong, aliyeniuzia akaniapia ni mpole kama maji ya mtungini.

Mpole wapi jamani. Nikianza kumfunga gathi, ule mkanda wa tandiko unaopita chini ya kifua, anageuza shingo anauma, Alhamisi ametoka na kipande cha jaketi yangu. Ukiweka mguu kwa kikuku ameshaanza kwenda, hasimami hata sekunde. Ukimvuta hatamu asimame, ndio kwanza anaongeza moto, hii ndio inanimaliza kabisa kwa sababu breki yake ni kama imefungwa kinyume. Boda boda ikipita anaruka mpaka mtaroni. Masikio hataki yaguswe. Alafu usiku anang'ata mlango wa banda, anabana mbao na meno anavuta hewa na sauti kama mtu mwenye kwikwi, mlango saa hii umebaki nusu. Jirani ananiambia ana pepo nitafute mtu wa kumwombea.

Nimejaribu kumchapa, akawa mbaya zaidi. Nikajaribu kumbembeleza na karoti, sasa amejua mifuko yangu na ananing'ata akitafuta. Chakula anapata, nyasi kavu ya boma rhodes robota moja siku tatu, na dairy meal, ile chakula ya ng'ombe wa maziwa, kilo sita kwa siku maana alikuja amekonda. Anakaa bandani wiki nzima kwa sababu ploti ni ndogo, anatoka Jumamosi na Jumapili kazini. Sasa hii ni tabia ama ni ugonjwa? Pesa niliyomnunulia ni ya chama chetu cha kuchanga, siwezi kuirudisha ati.

mboko_tupu
Buda umemdekeza. Karoti za nini? Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nunua kiboko kizuri, akileta meno unampa tatu za maana puani, wiki moja anakuwa malaika. Babu yangu alikuwa na punda kumi na hakuna hata mmoja aliyemuuma.

saisi_mkongwe
Wewe mboko, mwana unayemchelea ana kilo ishirini, huyu ana mia nne hamsini na anajua kurudisha. Na punda ni punda, akiogopa anasimama kwanza afikirie, farasi akiogopa miguu inatangulia akili inafuata baadaye. Ukimpiga puani unamfundisha kitu kimoja tu, kwamba mkono ukija kwa kichwa ni vita, alafu kesho huwezi kumvalisha lijamu, ile chuma ya mdomoni.

Kijana wangu, mimi nimekuwa saisi, mtunza farasi, miaka ishirini na sita, Karen na Lang'ata, nimeshika farasi wa mbio, wa polo, wa watoto, na wale wa kukaa tu kwa sababu mwenyewe anapenda kuwaangalia kupitia dirisha. Nikisoma hii yako naona shida tano lakini si farasi watano wabaya. Kwanza simamisha kazi ya watoto na huyo maksai, leo, si wikendi ijayo. Mtoto wa mtu akianguka hapo hata hiyo pesa ya chama utaisahau. Tumia yule mama mzee peke yake na watoto wavae helmeti, usiniambie mzazi hakuitisha.

Sasa hiyo gathi. Farasi anayeuma wakati wa kufungwa mkanda, mara nyingi anakuambia hapo panauma, ama paliuma zamani na bado anangoja maumivu yarudi. Fanya hivi. Mvue tandiko, pitisha vidole polepole kuanzia kwa mabega kushuka mgongoni pande zote mbili za uti, usibonyeze kwa fujo, angalia kama ngozi inatetemeka ama anashusha mgongo kukimbia mkono wako. Tafuta nywele nyeupe karibu na mabega, zile madoa madoa, hizo si urembo, ni mahali tandiko la zamani lilifinya mpaka nywele ikabadilika. Siku akitoka jasho, ukivua tandiko angalia chini yake, kukiwa na sehemu kavu katikati ya jasho jua hapo panafinywa. Na weka tandiko bila kitambaa uingize mkono chini mbele pale kwa mabega, mkono usipopita, hilo si tandiko lake. Niulize, unatumia tandiko la yule jike kwa huyu? Naona kama najua jibu.

Alafu usifunge gathi mara moja kama unafunga gunia la viazi kwa pikipiki. Tundu la kwanza, mtembeze hatua kumi, tundu la pili, mtembeze tena, la mwisho ukiwa karibu kupanda.

Masikio nayo, kabla ya kusema ana kiburi, ngoja atulie uangalie ndani na tochi. Huku kwetu kupe wanapenda sikio kuliko mahali pengine popote, nimeona farasi alikuwa anaruka na miguu miwili ukimvalisha hatamu, kumbe ndani kulikuwa na kupe wamejaa kama maharagwe. Walipotolewa na dawa ikawekwa, mwezi mmoja alikuwa mtu mwingine, ingawa ile woga ya kichwa ilichukua muda kuisha kwa sababu farasi hasahau.

Na meno. Meno ya farasi yanaendelea kusukuma nje miaka yote, yanasagika yakitafuna, lakini pembeni yanabaki makali kama wembe, ya juu yanakata shavu na ya chini yanakata ulimi. Ukivuta lijamu unabana shavu kwa hiyo wembe. Kila mwaka angalau mara moja aletewe mtu wa kupiga tupa. Pia uliza kama ana lile jino dogo lililoko mbele ya magego, lijamu likigonga hapo atakimbia, na hata wewe ungekimbia.

vetiKabete
Nasoma udaktari wa mifugo chuoni Kabete, bado sijamaliza kwa hiyo chukua haya kama ya mwanafunzi na uite daktari mwenye leseni amwone. Lakini kuna kitu kimoja siwezi kungoja: ACHA HIYO DAIRY MEAL LEO. Sisemi ni mbaya kwa ng'ombe. Kuna vyakula vya ng'ombe na vya kuku vinavyotiwa monensini, kwa ng'ombe inasaidia tumbo na kwa kuku inazuia koksidia, vile vijidudu vya utumbo, lakini kwa farasi ni sumu, inashambulia misuli ya moyo na hakuna dawa ya kuiondoa. Sijui kama yako inayo, na hata wewe hujui, hiyo ndio shida. Ukiona amepoteza hamu ya kula, anatoka jasho bila sababu, anayumba ama moyo unaenda mbio, usingoje asubuhi.

Sasa tumbo lenyewe, maana hapa ndio naona nusu ya hizo vituko zinatoka. Farasi ameumbwa ale kidogo kidogo karibu siku nzima, akiwa malishoni anakula masaa 16 hivi kwa siku. Tumbo lake linamwaga asidi bila kupumzika, awe amekula ama hajakula, na mate yanayopunguza hiyo asidi yanatoka tu akitafuna. Robota moja la kilo kumi na mbili hivi kwa siku tatu maana yake anapata kilo nne. Farasi wa kilo 450 anatakiwa kilo saba mpaka tisa za nyasi kavu kila siku. Kwa hivyo amemaliza nyasi yake saa nne asubuhi, alafu anasimama kwa giza la banda mpaka kesho, asidi inachoma, na juu yake unamwekea kilo sita za nafaka. Farasi wa mbio wengi sana wanatoka huko tayari na vidonda vya tumbo kwa sababu ya nafaka nyingi, nyasi kidogo na mazoezi makali, na moja ya dalili ni hiyo ya kuchukia gathi.

Hiyo ya kung'ata mlango na kuvuta hewa haina pepo ndani. Inaanza farasi akikosa nyasi, akikosa kutembea na akikosa wenzake, alafu ikishazoeleka inaweza kubaki hata mambo yakiwa mazuri. Kuna watu watakuambia umfunge mkanda wa shingo ili asiweze. Unaweza kumzuia hivyo lakini kile kilichomfanya aanze kiko pale pale, na sasa umemnyang'anya hata kile kitu kimoja kinachompunguzia presha. Afadhali uharibikiwe mlango.

Ongeza nyasi, lakini kama nyasi ni aina mpya ibadilishe polepole siku saba mpaka kumi, usije ukapata msokoto wa tumbo. Weka kwa wavu wenye matundu madogo ili imchukue masaa mengi. Dakika kumi na tano kabla ya kumpanda mpe konzi kadhaa za nyasi, tumbo likiwa na kitu ndani asidi hairuki ovyo akikimbia. Dawa ya vidonda iko, omeprazoli, lakini daktari ndiye aseme kiasi, usiende kununua vidonge vya binadamu ukakisia.

Kuna daktari wa farasi Uingereza anaitwa Sue Dyson, yeye na wenzake walitengeneza orodha ya vitu 24 vya kuangalia farasi akipandwa: masikio yamelala nyuma, macho makali, mdomo unafunguka kila saa, mkia unapigapiga, kukimbia bila kuambiwa, kukataa kwenda, na kadhalika. Wakasema akionyesha nane au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli, mifupa ama viungo. Nimehesabu kwa yale uliyoandika tu, bila kumwona, na sikufurahi.

mboko_tupu
Kumbe farasi ni mgonjwa wa presha na alsa kama mjomba wangu. Sawa basi. Lakini hiyo ya kukimbia ukivuta breki pia ni tumbo?

akinyi_hatamu
Hapana mboko, hiyo ni shule aliyosoma. Na kwa vile nimechukua farasi watatu wa mbio nikawafundisha upya, wacha niseme maana hapa watu wengi wanavunjika mikono.

Farasi wa mbio anaanza kazi akiwa na miaka miwili hivi. Joki anashika hatamu fupi, farasi anaegemea lijamu, na vile joki anavyozidi kumshika ndivyo yeye anavyozidi kuegemea na kusukuma mbele. Sasa wewe unamvuta kwa nguvu ukimaanisha simama, yeye anasikia lugha ile ile ya siku ya mbio: twende! Si ujeuri, ametii vizuri sana, ni vile tu ametii kitu ambacho hukusema. Hali kadhalika kupanda. Joki anarushwa juu na mtu anayemshika mguu, mara nyingi farasi akiwa anatembea, hakuna mtu alimfundisha kusimama mtu akijivuta kwa kikuku upande mmoja. Alafu joki anakaa na vikuku vifupi, miguu iko juu. Wewe ama mtoto mkikaa na miguu mirefu inamgusa mbavuni, kitu kipya kabisa, anashtuka. Na huko alikuwa anatoka asubuhi na wenzake kwa msururu, sasa unamtoa peke yake kwa barabara ya Dagoretti na matatu zinapiga honi. Ningekuwa yeye ningeruka mtaroni pia.

Anza chini, usipande kabisa wiki mbili tatu. Mvalishe kamba ya kichwa tu. Simama kando ya bega, si mbele kabisa wala nyuma, hapo hakuoni vizuri, na vile macho yake yako pembeni anaona karibu mzunguko mzima isipokuwa pale mbele ya pua na nyuma ya mkia. Bana kamba kidogo kuelekea nyuma, useme simama kwa sauti ile ile kila siku, na akisogeza uzito nyuma hata kidogo, hata kabla mguu haujasimama, ACHIA. Farasi anajifunza pale unapoachia. Ukichelewa sekunde mbili umemsifu kwa kitu kingine. Nimeona watu wanavuta, farasi anasimama, na wao bado wanavuta kwa sababu wana hasira, alafu wanashangaa kwa nini hajifunzi.

Hiyo karoti nayo hukosei kumpa, unakosea mahali. Usitoe mfukoni. Ziweke kwa ndoo mbali, azipate tu akiwa kichwa kiko mbele yake na amegeuka mbali na wewe. Akipekua jaketi simama kama mti, hakuna kitu. Itachukua siku chache atajua mfuko umefungwa.

Boda boda: tafuta kijana mmoja mwenye subira, umlipe. Siku ya kwanza pikipiki imezimwa, imesimama mbali, mahali ambapo farasi anaiangalia lakini bado anaweza kula nyasi. Ukiona ameacha kula na ameinua shingo uko karibu mno, rudi nyuma. Siku nyingine karibu kidogo. Alafu iwashwe ikiwa imesimama. Alafu isukumwe. Alafu iende polepole ikienda MBALI na yeye, farasi afuate nyuma, hii inamsaidia sana maana kitu kinachokimbia mbele yake hakiwezi kumla. Usimfunge kwa mti ukamletea boda mpaka usoni ati azoee. Anaweza kutulia kweli, lakini ni ile ya kukata tamaa, na siku moja inalipuka.

vetiKabete
Naongezea kwa dada Akinyi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Berlin kulikuwa na farasi anaitwa Hans, mwenyewe Wilhelm von Osten alisema anajua hesabu, unamuuliza anagonga kwato mpaka jibu. Mwaka 1907 Oskar Pfungst akachunguza akagundua farasi hajui hesabu hata moja, alikuwa anasoma kichwa na mwili wa anayeuliza, akifika kwenye jibu mtu anasogea kidogo sana bila kujijua na Hans anaacha kugonga. Kama anaona hicho, kijana wa Dago, unafikiri haoni vile unaingia bandani mabega yamepanda na umeshika pumzi ukingoja kuumwa?

kijana_wa_dago
Eish. Mzee saisi ni kweli, tandiko ni la mama mzee. Mkono haupiti. Na nimeangalia nywele, kuna madoa meupe mawili upande wa kushoto, mimi nilidhani ni rangi yake nikaona ni mrembo. Dairy meal nimeacha jana usiku, nimempa jirani wa ng'ombe. Akinyi hiyo ya kuachia naona ndio sikuwahi kuambiwa na mtu, nimekuwa nikivuta tu. Nitarudi na habari.

kijana_wa_dago (wiki tano baadaye)
Wadau nimerudi. Daktari alikuja, si rahisi bei lakini chama walielewa nilipowaambia ama daktari ama tumzike. Meno yalikuwa makali mpaka shavu la ndani lina kidonda kirefu kama kidole, yamepigwa tupa. Kupe walikuwa masikio yote mawili. Mgongo unauma kweli pale pa madoa, ameniambia nisimpande wiki nane kwanza, na ametoa dawa ya tumbo. Tandiko natafuta la mitumba linalomtosha, aliye nalo aniambie.

Nyasi sasa anakula kilo nane kwa wavu, na nimeongea na mama mmoja huku ndani Karen ananiachia padoki yake, uwanja wa malisho wenye ua, asubuhi mpaka saa saba nikimchungia ua. Gathi sijafunga, nagusa tu mahali pake na mkono, nikiona masikio yamerudi mbele naondoa. Juzi hakugeuza shingo hata mara moja. Kwa kamba anasimama nikisema simama, mara saba kwa kumi hivi. Mlango bado anang'ata, si kama zamani lakini anang'ata, nimepigilia mbao nyingine. Boda tumefika pale pa kuwashwa ikiwa imesimama, alafu kijana wa boda akapiga honi bila kuambiwa tukarudi mwanzo kabisa, nimembadilisha.

Swali moja. Mzee fulani aliniambia farasi wa mbio wanapenda kukaa na mbuzi wakiwa peke yao usiku, nikamnunulia mmoja. Wanapendana, analala karibu naye, farasi mwenyewe juzi nimempata amelala chini kabisa ubavu, kitu sijawahi kuona tangu nimnunue. Lakini mbuzi anakula nyasi yote kwa wavu. Nifanye?

saisi_mkongwe
Kulala ubavu hiyo ni habari kubwa kuliko zote ulizoandika, farasi asiyejisikia salama halali hivyo na usingizi wake wa ndani hawezi kuupata akisimama.

Wavu inua juu kidogo mbuzi asifikie, lakini si juu ya kifua cha farasi, na ufunge vizuri usininginie wakati umeisha asije akaingiza kwato. Mbuzi mpe yake kona ya pili. Na uandike kwa ukuta kwamba huyo si wa Krismasi, nawajua watu wa Dagoretti.

mboko_tupu
Mimi nilikuwa nauliza tu huyo mbuzi ana kilo ngapi.

kijana_wa_dago
Mboko kaa mbali na ploti yangu.